Kinyumenyume Hadi Msibani

Leseni ya udereva ninayo, na haijaisha muda. Gari nalo lilikuwa langu, kadi ina jina langu, na kiti chake cha mbele kilikwisha kushika umbo langu, maana nilipenda kwenda kulikalia jioni likiwa limezimwa, mlango wazi, nikisikiliza redio. Kati ya leseni na gari kilikosekana kitu kimoja tu, nacho ni dereva.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna watu wakisikia honi ya basi la Mbeya moyo unawaruka. Wangu unaingia ndani na kukomea mlango. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi Ngonga kwenye migomba na mikakao ya familia, na tangu hapo sijaona sababu ya kuondoka. Mke wangu husema nilipelekwa sekondari ili nijue majina ya miji nisiyotaka kufika.

Siku niliyoliendesha peke yangu sikufika hata barabarani. Nilipita ua, nikapita zizi, nikapita katikati ya chanja za jirani alikokuwa ameanika kakao yake, nikasimama pale kisiki kiliponisimamisha. Kioo cha pembeni cha kushoto kilibaki huko. Jirani alitoka na mswaki mdomoni, akanitazama nilivyokaa ndani ya harufu ya kakao, akasema, "Jirani, hii naipeleka chama cha ushirika mwenyewe. Hukuhitaji kuifuata na gari."

Basi mke wangu ndiye aliyejifunza. Akafaulu, akaanza kupeleka mchele wake Tukuyu, baadaye Uyole, akirudi usiku na habari za watu nisiowajua. Mimi nikabaki na cheo. "Mwenye gari," ananiita, hasa mbele ya wageni, "mwenye gari, ufunguo uko wapi?"

Jina la kampuni iliyolitengeneza silitaji. Ni kampuni ya Kijapani, siyo kati ya zile kubwa, na hapa wilayani gari lile watu walilibatiza Bata kwa jinsi lilivyokuwa pana nyuma na lilivyoyumba kwenye mashimo. Mabata tulikuwa nayo wachache, na tulijuana kama watu waliolazwa wodi moja. Ukikutana na mwenzio njiani humpigii honi kwa furaha. Unapunguza mwendo, unashusha kioo, unauliza, "La kwako linalia wapi?"

Kikao chetu kilikuwa gereji moja mjini Kyela. Kiongozi, bila kuchaguliwa, alikuwa mwalimu mstaafu wa kule Mwaya, mtu wa kwanza kununua Bata na wa kwanza kulijutia. Mwalimu hakuweza kulalamika bila kuanzia mwanzo. Alikuwa ameisoma historia ya kampuni kwenye simu yake, akatufundisha sote tukiwa tumekaa juu ya matairi.

Mwanzilishi, alisema, alikuwa mhunzi katika bonde la mpunga. Aliona kina mama wanavyotwanga, akaunda mashine ya kukoboa. Mashine ikapendwa. Akatafuta injini ya kuizungusha, injini nayo ikapendwa. Baada ya vita watu hawakuwa na cha kubebea magunia, akaichukua ile injini akaiwekea magurudumu matatu. Wanawe wakaongeza gurudumu la nne, viti na redio. Halafu wakaja wajukuu waliosoma sana, wakaona gia za babu zinapiga kelele, wakabuni gia boksi isiyo na gia, yenye mkanda tu unaopanda na kushuka ndani kwa ndani. Kisha kampuni ikamezwa na kampuni kubwa zaidi.

"Na aliyemezwa," mwalimu alimalizia, akivua miwani, "hajibu barua."

Alisema hivyo kwa sababu tulikwisha kuandika. Tulitunga ujumbe kwa Kiingereza, tukautuma kwa wale waliotuuzia na kutusafirishia, tukieleza kwamba Mabata yetu yanaunguruma bila kwenda, yanashtuka mlimani kama mtu anayeota, na yanawasha taa ya njano ambayo hakuna fundi aliyewahi kuizima bila kukata waya. Jibu lilikuja haraka. Walitushukuru kwa kuwa wateja na kutuonyesha picha za magari mengine.

Watu hudhani asiyetoka nyumbani ana utulivu. Nilikuwa nao kabla ya Bata. Baada ya hapo sikumaliza kikombe cha chai. Mke akiondoka, sikio langu linamfuata hadi barabarani, linasikiliza ule mkanda ndani ya tumbo la gari. Gari lolote likipita huko mbali nasimama, nakaa, nasimama tena. Usingizini nilisikia likipanda Uyole.

Halafu oili ya gia boksi ikaisha nguvu. Oili yenyewe ni maalumu, ya aina moja tu, na Kyela haikuwapo. Ilibidi kuagiza Dar es Salaam na kusubiri. Mimi siwezi kusubiri kitu kinachotoka mbali, kwa hiyo nikafikiri. Hapo ndipo kidato cha nne kilipofanya kazi yake.

"Hawa watu," nilisema pale gerejini, "babu yao alikuwa wa mashine ya kukoboa mpunga. Sivyo, mwalimu?"

"Ndivyo."

"Damu ni ile ile. Na sisi ni nani? Wilaya nzima hii inakoboa. Oili ya mashine za kukoboa iko kila duka."

Fundi aliacha spana hewani. Mwalimu akatamka kwamba kihistoria hoja ile ina mashiko. Nadhani nchi nyingine yoyote wangecheka. Sisi tuliokua tukilala kwa mlio wa kinu cha mashine tuliona jambo limepata mwenyewe. Tukalinywesha Bata oili ya mashine, na kwa majuma kadhaa lilikwenda kwa ulaini ambao halikuwa nao hata siku lilipotoka bandarini. Wenzangu wote wakaiga. Kwa mara ya kwanza maishani niliitwa mtaalamu.

Mke wangu peke yake hakunisifu. "Linanuka pumba," alisema.

Sasa kuna baba yangu. Baba anaishi nyumba ya pili kutoka kwetu, nyuma ya migomba, na katika ndoa yetu yote hakuwahi kuongea na mke wangu uso kwa uso. Hakuna ugomvi. Ndiyo heshima ya zamani kwetu Wanyakyusa: mke wa mwana humwogopa baba mkwe, na baba mkwe naye humwogopa mke wa mwana. Hawatazamani, hawaongei moja kwa moja, hawakai chumba kimoja. Akipita yeye, huyu anatafuta pa kujificha. Familia nyingi siku hizi zimelegeza, hasa za mjini, na kanisani wachungaji wamesema mengi. Baba ni mzee wa kanisa, aliyasikiliza yote, akasema amina, akaendelea kama kawaida. Chakula anachokula kimepikwa na mke wangu, na shukrani zinapita kwangu. "Mwambie ndizi zimeiva vizuri." "Mwambie mzee karibu." Mimi ndiye waya wa simu kati yao. Ni kazi ya kukaa, ilinifaa.

Kwa hiyo baba hakuwahi kupanda Bata. Angepandaje, na anayeendesha ni mkwe?

Jumamosi moja asubuhi simu ililia. Shangazi yangu, dada yake baba, aliyeolewa kwa Wakisi huko ziwani upande wa Matema, alikuwa amefariki usiku ule. Alikuwa ameugua muda mrefu, na mwili hautaweza kukaa. Mazishi ni leo leo alasiri.

Walikuwa wamebaki wao wawili tu katika tumbo lao. Baba alisikiliza habari akiwa amesimama, akaketi, akaomba koti lake. "Nitamwona," alisema. "Kabla hawajamfunika, nitamwona. Na nisipomwona, udongo wa kwanza ni wangu." Hakulia. Aliendelea kutafuta mkono wa koti na asiupate.

Bodaboda hapandi, nyonga yake moja haikubali. Magari ya abiria yalikwisha kuondoka alfajiri, maana Jumamosi ni soko la Lyulilo na kila chenye magurudumu kinakimbilia huko kufuata vyungu na samaki. Nikampigia mwalimu mstaafu. Bata lake lilikuwa juu ya mawe, gia boksi iko chini kwenye turubai. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza.

Baba alinitazama. "Wewe una leseni."

Nilichukua ufunguo. Naomba hilo liandikwe mahali. Nikaingia, nikawasha, nikashika usukani, nikasahau breki ni ipi. Jirani alipoona nani amekaa upande wa usukani aliinuka kimya kimya akaanza kukusanya kakao yake.

"Shuka, mwenye gari," mke wangu alisema dirishani, kwa sauti ya chini ili mzee asisikie. "Leo siyo siku yake."

Mashauriano yalifanyika kupitia mimi. Baba akiwa nyuma ya migomba, mke akiwa nyuma ya gari, mimi katikati nikienda na kurudi. Baba alikubali kwa masharti: kitenge kifungwe kati ya viti vya mbele na vya nyuma, na kile kioo cha ndani kigeuzwe kitazame juu. Mke wangu akaleta kitenge chake kipana zaidi. Tukakifunga kwa kamba za mgomba. Baba akaingia nyuma na mkongojo wake, mke akaingia mbele, mimi nikakaa pembeni yake kama waya.

Alipozungusha ufunguo, Bata likasema. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mwanamke wa Kijapani, yenye adabu sana, iliyokuwa ikiongea kila likiwashwa, na hatukujua inataka nini.

"Anasema nini?" baba aliuliza nyuma ya kitenge.

"Hatujui, baba. Ni gari."

"Mwambie ndaga," alisema, yaani asante kwa Kinyakyusa.

Mke wangu alikaza macho barabarani. "Mwanamke wa Kijapani anajibiwa," alininong'oneza. "Mimi nimepika miaka yote hii."

Tuliondoka jua limekwisha kupita utosini. Mpunga ulikuwa umesimama pande zote, na mvua iliyotangulia imeacha madimbwi. Mke aliendesha kwa kasi nisiyoipenda, lakini safari hii hata mimi nilikuwa nasukuma kwa miguu. Tulipopita Ipinda baba alianza kutoa maelekezo, maana kupitia dirisha la pembeni aliona vitu vikija.

"Mwambie apunguze, kuna ng'ombe."

"Baba anasema upunguze, kuna ng'ombe."

"Mwambie mzee ng'ombe nimewaona."

"Baba, ng'ombe amewaona."

"Na wao wamemwona?"

"Anauliza, na wao wamekuona?"

Mke wangu alipiga honi, ng'ombe wakatawanyika, na sauti ya nyuma ikajisemea, "Haya."

Baada ya kuvuka mto Lufilyo, milima ya Livingstone ikiwa imesimama mbele yetu kama ukuta, injini ilianza kupanda sauti huku gari likipungua mwendo. Kwanza nilidhani ni masikio yangu. Kisha ile taa ya njano, ambayo fundi alikuwa ameikata waya, ikawaka. Sijui iliupata wapi moto. Harufu ikajaa ndani, harufu ya pumba zilizoungua, nami nikatazama nje kwa makini kama mtu anayependa mandhari.

Bata likasimama. Lilikuwa limefika njia panda, mahali kijia cha kwenda kwa shangazi kinapoiacha barabara kubwa. Mke wangu alijaribu kila herufi iliyo kwenye ule mkono wa gia. Injini iliitika, magurudumu hayakusikia. Alipoweka ya kurudi nyuma, gari likaruka kinyume hata mkongojo wa baba ukaniingia kisogoni kupitia kitenge.

"Linarudi nyuma," mke wangu alisema.

"Nyumbani?" niliuliza. Lilinitoka tu.

Simu yangu ikalia. Ni binti wa marehemu. "Mko wapi? Mchungaji ana maziko mengine Matema, anasema hawezi kuendelea kusubiri. Wameshafunga sanduku."

"Tuko njia panda," nilisema. "Gia za mbele zimekufa. Labda tuje kinyumenyume."

"Mtandao mbaya. Sema tena."

"Kinyumenyume!"

Ikakatika. Nyuma ya kitenge baba alikuwa amesikia. Uso hatauona tena, umebaki udongo. Alifungua mlango, akashuka, akaanza kutembea na mkongojo wake kwenye kijia. Alikwenda hatua chache, nyonga ikamgomea, akasimama ameushika mgomba wa watu. Nikamfuata. Alikuwa anahema. Aligeuka akatazama njia iliyobaki, kisha akatazama gari, kwa namna mtu anavyomtazama mgeni ambaye hakumwalika na sasa ndiye mwenye chakula.

"Linaweza kwenda hivyo hivyo?" aliuliza. "Matako mbele?"

Nilikwenda garini kuuliza, nikarudi. "Anasema linaweza. Ila lazima aone nyuma."

"Nyuma niko mimi."

"Ndiyo, baba."

Kutoka huko kwa shangazi ulikuwa unasikika wimbo wa kanisani, na tukajua wanasogea kaburini.

"Mwambie ashushe kitambaa," alisema mwishowe. "Halafu mwambie asinione."

Nililipeleka agizo hilo kama lilivyo. Mke wangu alinitazama nikadhani atacheka au atalia. "Mwambie mzee," alisema, "mimi nitatazama njia. Yeye ajiweke pale ambapo si njia."

Akina mama waliokuwa wanatoka soko la Lyulilo na vyungu kichwani walitua mizigo wakatusaidia kuligeuza Bata, nyuma yake ielekee msibani. Mmoja aliuliza kama ndivyo Ngonga wanavyoendesha. Baba akaingia, akavuta koti akalifunika kichwani lote. Kitenge kikashuka. Kioo cha ndani kilipogeuzwa kwa haraka kilibaki mkononi mwangu. Cha pembeni cha kushoto mnajua kilikobaki. Mke wangu akaweka mkono kwenye kiti changu, akageuza shingo, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu akaelekeza macho alipo baba mkwe wake. Aliona koti.

Mimi nilipiga magoti kitini nikitazama nyuma, niwe macho ya ziada. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mtu akigeuka, kushoto na kulia navyo hugeuka, jambo ambalo wengine hulifahamu mapema.

"Kushoto!" nilisema.

"Kwako au kwangu?"

"Kwa... kwa mgomba!"

"Migomba iko pande zote, mwenye gari!"

Tulikwenda hivyo, tukiyumba, injini inalia, nyasi zikipita madirishani. Baba chini ya koti alianza kuuliza, "Tuko wapi? Muulize, vipi?" na nikawa napokea maswali kutoka upande mmoja, matusi ya heshima kutoka upande wa pili, na barabara kutoka wa tatu. Kijia kikapinda. Sikuona kilivyopinda, maana nilikuwa namjibu baba.

Baba alikuwa ameinua pindo la koti. Pembeni ya kile kijia, kwenye kivuli, mfinyanzi mmoja alikuwa amepanga vyungu vyake, vimefungwa kwa nyasi, vikubwa kwa vidogo, akisubiri gari la kuvichukua. Gari lilikuwa linavifuata.

"Mwambie akate kulia," baba alisema.

Niligeuka. "Baba anasema uka..."

"Kulia, mama! Kulia! Vyungu! Simama! Simama, mwanangu!" baba alipiga kelele mwenyewe.

Bata lilisimama. Chungu kimoja cha mwisho kilikuwa kinacheza juu ya kitako chake, kinazunguka taratibu kama kinachofikiri, kisha kikatulia. Mfinyanzi alisimama ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Ninyi," alituambia, "hilo gari lina uso kweli?"

Koti lilikuwa limeanguka miguuni pa baba, na wale wawili walikuwa wametazamana, sijui kwa muda gani, hautoshi hata kufumba jicho. Mke wangu akainamisha kichwa juu ya usukani. Baba akatazama nje. Nilitaka kusema kitu, ndiyo kazi yangu, lakini hapakuwa na mtu aliyenipa ujumbe wa kupeleka.

Wimbo kule mbele ulikoma. Wimbo wa maziko ukikoma, ni mchungaji anaanza kusoma.

Baba akajisogeza. Alijigeuza kitini kwa shida, akishika mlango, hata akawa amempa mkwe wake mgongo, uso umetazama kioo kikubwa cha nyuma, kiwiko kimeegemea juu ya kiti. Kwa hiyo hamtazami na yeye hatazamwi uso. Na njia yote anaiona.

"Njoo," alisema. Hakusema mwambie aje.

Mke wangu aliinua kichwa. "Ndiyo, baba."

"Njoo taratibu. Kulia kidogo. Hapo. Njoo. Kuna shimo, lipishe. Ndiyo. Njoo tu."

"Nakuja, baba."

Nilikaa chini kitini, nikatazama mbele, yaani tulikotoka. Hakuna aliyenihitaji. Vidole vyangu vilikuwa vinafungua na kufunga kifuniko cha kisahani cha majivu ya sigara, wazi, funga, wazi, funga, mpaka mke wangu akanipiga kofi mkononi bila kuacha kutazama nyuma.

Tuliingia uani kwa shangazi matako mbele. Watu wote walikuwa nyuma ya nyumba, kaburini, na kwa kuwa breki zilichelewa kidogo tulipitiliza hadi huko, tukasimama katikati ya viti vya wanaume wazee. Mchungaji alinyamaza, kitabu mkononi. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti, kama mtu aliyeonewa, "Sasa hawa wanaaga kabla ya kusalimia?"

Baba alishuka. Niliharakisha nimshike mkono, akaukataa. Watu wakampisha. Sanduku lilikuwa limekwisha kushushwa, lakini majembe yalikuwa bado yamelala. Alifika ukingoni, akainama kwa ile nyonga yake kwa namna iliyonifanya nifumbe macho, akachota udongo, ule wa ziwani ulio nusu mchanga, akautia. Kisha akamwambia dada yake jambo kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida. Alimweleza kwamba amechelewa, na kwamba lawama ni za gari. Alieleza kwa kirefu. Alitaja gia boksi. Nilikuwa nimehudhuria vikao vingi vya malalamiko juu ya gari lile, na hakuna mtu aliyewahi kulalamika vizuri namna hiyo, wala kusikilizwa kimya kimya hivyo.

Majembe yakaanza. Nilipogeuka nikamwona mke wangu bado amo garini. Hakuweza kushuka. Pande zote za milango walikuwa wameketi wazee, ndugu na rika la baba, yaani kila aliyekuwa pale ni baba mkwe wake kwa namna fulani. Alikuwa amejikunja juu ya usukani, amejifunika kile kitenge kilichoshushwa.

Baba aliondoka kaburini kabla ya wengine. Alikuja hadi kwenye gari, akasimama kando ya dirisha la mbele, uso ameuelekeza milimani. Nilisogea haraka nikasafisha koo. Nilikuwa tayari.

"Sema, baba. Nitamwambia."

Hakunisikia, au alinisikia.

"Tumewahi," alisema, macho kule kule milimani. "Uso wake sikuuona. Udongo nimeutia, wa kwanza."

Kitenge hakikusogea. Kisha ndani yake ikatoka sauti ndogo. "Pole, baba."

"Ndaga, mama." Akapumua. Akawageukia wale wazee wenzake, akawapungia mkongojo kama anayefukuza kuku. "Sogeeni. Sogeeni huko, mkwe wangu ashuke. Ametoka mbali."

Walisogea, wakinung'unika, viti vikiburuzwa mchangani. Mmoja alisema kwamba dunia imeisha. Baba akamwambia imeisha, ndiyo, na wewe bado umekalia kiti. Mke wangu akashuka ameinamisha uso, akapita katikati yao upesi kuelekea waliko wanawake na moshi wa jikoni, na hakunitazama.

"Na wewe unashangaa nini?" baba aliniambia. "Hilo dude halina breki ya mkono. Weka jiwe."

Nilizunguka ua mzima kutafuta jiwe. Pwani ile ni mchanga na vigae vya vyungu. Nikiweka kigae, kinapasuka. Mawe yako milimani, na milimani sikwendi. Mwishowe nilikaa mimi mwenyewe chini, nyuma ya gurudumu, nikaliegemea kwa mgongo. Watu walipita wakinipa pole ya msiba. Kila upepo ulipovuma kutoka ziwani nilihisi Bata likinisukuma kidogo, nikakanyaga mchanga kwa visigino, nikasukuma na mimi.